Mwanga wa Kijani Kutoka Mfuko wa Mbolea

Mtu wa kwanza kunikaripia Lushoto alikuwa yeye, na kosa langu lilikuwa mlango. Nilikuwa nimefika siku hiyo hiyo kutoka Tanga, mwalimu mpya wa kemia, viatu vyangu bado vyekundu kwa vumbi la Mombo. Niliingia maabara kuona mahali nitakapofanyia kazi, upepo wa mlimani ukanipokonya kitasa, na mlango ukajibamiza hadi chupa za kabatini zikagongana.

"Nani huyo anayebomoa nyumba?" sauti ikauliza kutoka chumba cha nyuma.

Akatoka mwanamume mrefu, mwembamba, shingoni tai iliyofungwa vizuri kabisa, miguuni mabuti ya mpira yenye matope ya shambani.

"Shikamoo, Mwalimu," nikasema.

"Marahaba. Mlango huu unafungwa kwa mikono miwili. Mmoja unasukuma, wa pili unazuia. Njoo nikuonyeshe sababu."

Sababu ilikuwa ndani ya pipa la maji lililozungushiwa blanketi kuukuu. Ndani ya pipa kulikuwa na mtungi wa kioo, ndani ya mtungi maji mengine maangavu, na katikati ya maji hayo, ikining'inia kwenye uzi, fuwele ndogo kama punje ya hindi. Pande zake zilinyooka kana kwamba sonara amezichonga, lakini hakuna mkono uliokuwa umezigusa.

"Inakua," akaninong'oneza, kama mtu aliyesimama karibu na mtoto aliyelala. "Ukiitikisa, inazaa takataka pembeni. Maji yakipoa ghafla, inapasuka."

"Ni chumvi gani?"

"Mbolea ya kabichi," akasema, na akanitazama usoni kuona kama nitacheka.

Sikucheka. Nadhani urafiki wetu ulianzia hapo.

Wanafunzi walimwita Mwalimu wa Fizikia. Sisi walimu wenzake tulimwita vivyo hivyo, na hata mkewe, akimtuma mtu shuleni, alisema, "Mwambieni Mwalimu wa Fizikia chakula kinapoa." Nami nitamwita hivyo hivyo. Kwa miaka yote tuliyofanya kazi pamoja, hakuna jina lililomkaa vizuri kuliko hilo.

Alikuwa mtu wa subira ya ajabu na mtu asiye na subira hata kidogo, na hali hizo mbili ziliishi ndani yake bila kugombana. Angeweza kusubiri fuwele majuma mengi, akishusha joto la maji kidogo kidogo kwa kupunguza utambi wa taa ya mafuta iliyokuwa chini ya pipa. Lakini foleni ya posta ilimshinda. Alikuwa akisimama nyuma ya watu watatu, anatazama saa, anahema, anaondoka, halafu anamtuma mkewe kesho yake. Chakula alikila kama mtu anayekimbizwa. Uwanjani, shule yetu ikicheza mpira na shule nyingine, yeye aliyetukataza kukohoa karibu na pipa alikuwa akipiga kelele hadi sauti inamkauka, na mara moja mwamuzi alisimamisha mchezo na kumwomba kwa heshima arudi nyuma ya mstari.

Alikuwa Msambaa wa Malindi ya huko huko Lushoto, si ile ya pwani, Mlutheri, mzaliwa wa miinuko, na bado aliogopa makorongo. Basi lilipoteremka zile kona za kutoka Soni kwenda Mombo, alifumba macho kuanzia kona ya kwanza. "Niambie tukifika tambarare," aliniambia kila tuliposafiri pamoja. Nami binti wa pwani, niliyekulia mahali pasipo hata kichuguu cha maana, ndimi niliyechungulia maporomoko na kumsimulia.

Kusifu kulimpa shida. Mwanafunzi akitoa jibu sahihi, alisema tu, "Tuendelee." Akitoa jibu la makosa lakini lenye akili, hapo ndipo uso wake ulipochanua. "Simama tena," alikuwa akisema. "Waeleze wenzako ulivyokosea. Umekosea vizuri." Kuna wasichana waliomaliza shule yetu wakijivunia kwamba Mwalimu wa Fizikia aliwahi kuwaambia wamekosea vizuri. Maneno mengine aliyoyapenda yalikuwa "bado haijaamua." Aliyasema juu ya maji ya mtungini yaliyochelewa kutoa fuwele, juu ya mvua ya vuli, juu ya serikali, na siku moja juu ya kijana aliyekuwa akimposa binti wa jirani.

Nini hasa alichokuwa akitafuta ndani ya mbolea, alinieleza tukiwa njiani kurudi kutoka sokoni, kila mmoja na kapu lake la mboga. Katika miaka ya kwanza ya Uhuru serikali ilimpeleka Ulaya kusoma. Huko aliangukia katika maabara ya profesa mmoja aliyeshughulika na leza, kitu ambacho wakati huo hata Ulaya wengi hawakuwa wamekisikia. Nchi ilipohitaji walimu alirudi, akapangiwa shule yetu. Lakini kuna ubishi aliouacha huko ambao ulikuwa haujaisha.

"Mwanga ni mtetemo," alisema. "Mwekundu unatetema polepole, wa kijani upesi zaidi. Kuna mwingine unaotetema polepole kuliko hata mwekundu, jicho haliuoni. Leza ya profesa wangu inatoa huo usioonekana. Ukiupitisha kwenye kioo cha dirisha, unatoka kama ulivyoingia. Ukiupitisha kwenye fuwele kama ile yangu, na uwe na nguvu ya kutosha, mitetemo miwili inaungana inakuwa mmoja wenye kasi maradufu. Unaingia hauonekani, unatoka kijani."

"Na hiyo nguvu ya kutosha inatoka wapi?"

"Unaubana mwanga ndani ya muda mfupi. Mpigo mmoja tu, mfupi mno. Mwanga wenyewe, ambao hakuna kinachoupita kwa mbio, haujavuka hata upana wa ukucha wako, mpigo umekwisha. Nguvu yote imo humo."

Tulifika pale njia ya shule inapoachana na ile iendayo bondeni. Akasimama.

"Sasa tazama. Mimi na wewe tukitembea bega kwa bega, naweza kukupa kapu langu. Wewe ukifuata njia ya bondeni, hatua chache za mwanzo bado ninakufikia. Baadaye sikufikii tena. Ndani ya fuwele ni hivyo hivyo. Mwanga wa kijani unapinda kando kidogo, unaachana na ule ulioupa uhai. Profesa anasema tutafute fuwele ndefu, ndiyo itakayogeuza mwanga mwingi. Mimi nilimwambia kwa mipigo mifupi yenye nguvu tunataka fuwele nyembamba, safi, na mwanga uliokusanywa vizuri. Kazi iishe kabla hawajaachana. Tulibishana hadi siku niliyopanda meli."

"Na nani alishinda?"

"Bado haijaamua," akasema, akainua kapu lake.

Mbolea ilimletea matatizo, na matatizo yenyewe hayakuwa madogo. Hiyo ilikuwa miaka ya baada ya Azimio la Arusha, na shule ilikuwa na shamba lake la kujitegemea: kabichi, viazi, karoti, maharage. Tulilima sote, walimu kwa wanafunzi, na mbolea ya chumvichumvi iliyoletwa kwa lori ilihesabiwa kuwa mali ya wote. Siku moja mkuu wa shule, mtu mwadilifu kupita kiasi, alikuta mfuko umefunguliwa maabara. Juma lililofuata kulikuwa na kikao, na afisa mmoja wa wilaya akahudhuria.

"Wananchi wanahangaika na mbolea," afisa alisema, "na hapa mwalimu aliyesomeshwa kwa jasho lao anaichemsha kwenye sufuria. Tuelezwe."

Mwalimu wa Fizikia alisimama. Alikuwa msemaji mbaya. Mbele ya wakubwa maneno yalimkwama. Alisema kuhusu mwanga, na mitetemo, na pembe za fuwele, na kila alipoendelea nyuso ziliendelea kufungwa. Mkuu wa shule akasema kwa huzuni ya kweli kwamba kazi ile itakoma mwisho wa muhula. Nikaona rafiki yangu anakaa chini taratibu kama mzee.

Ndipo mimi nikanyoosha mkono. Nilikuwa mgeni, mwanamke, na mdogo kuliko wote mle ndani.

"Naomba kuuliza," nikasema. "Hizo kabichi za tuta la chini, zilizopelekwa kwenye maonyesho, zilikuzwa na nini?"

Mkuu wa shule akasema hajui, labda udongo ni mzuri.

"Zilikuzwa na maji yetu. Tukiyeyusha mbolea na kuchuja, fuwele inachukua kidogo tu. Maji yanayobaki bado ni mbolea. Kila Ijumaa tunayamwaga kwenye tuta lile. Hakuna kilichopotea isipokuwa kitu cha ukubwa huu." Nikaonyesha ncha ya kidole changu.

Afisa aliomba kupelekwa shambani. Tulikwenda sote, na mabuti ya Mwalimu wa Fizikia safari hii yaliendana na mahali. Kabichi za tuta la chini zilikuwa kubwa, ngumu, zimejifunga kama ngumi. Afisa aliipiga moja kwa kiganja, ikalia. Akacheka kidogo, akasema kwamba kikao kiendelee kufikiri. Hatukupewa ruhusa. Lakini tulipewa hadi mwisho wa mwaka, na hiyo ilitosha kututia mbio.

Kazi yangu ilikuwa usafi. Mbolea ya mfuko ina uchafu usioonekana: chembe za chuma, vumbi la kiwandani, kila namna. Tuliiyeyusha kwa maji ya mvua yaliyochemshwa, tukachuja kwa pamba, tukaacha itoe punje ndogo, tukazichukua punje tu na kuziyeyusha upya. Tukarudia. Tukarudia tena. Yeye alichukua punje moja iliyo bora kuliko zote, akaifunga kwenye uzi, akaishusha mtungini. Aliita hiyo kupanda.

Ya kwanza iliyokua vizuri, yenye ukubwa wa kidole gumba, ilipasuka. Baridi ya Julai ilishuka ghafla, blanketi likawa limeteleza, na tulipoingia asubuhi fuwele ilikuwa na ufa katikati, kutoka juu hadi chini. Nilidhani atapiga kelele kama uwanjani. Alikaa juu ya kiti cha wanafunzi, magoti yakimfikia karibu na kidevu, akaitazama muda mrefu.

"Imepasuka vizuri," akasema mwishowe. Akaniletea karibu. "Ona ufa ulivyonyooka. Hakuna uchafu ndani. Ingekuwa na uchafu, ingepasuka ovyo. Mwalimu wa Kemia, kazi yako imekwisha. Sasa iliyobaki ni yangu."

Akaweka maji mengine motoni siku hiyo hiyo.

Ya pili haikupasuka. Lakini fuwele ikikua si mwisho. Lazima ikatwe kwa pembe maalumu, la sivyo mwanga unapita na hakuna kinachogeuka. Msumeno ungeivunja. Hapo ndipo aliingia mkewe, fundi cherehani aliyeshona sare za nusu ya shule. Fuwele ile huyeyuka kwa maji, kwa hiyo waliikata kwa uzi uliolowanishwa: uzi unapita mbele na nyuma, polepole, na maji yanakula njia. Yeye alishika kipimo cha pembe, mkewe akavuta uzi.

"Unavuta kwa hasira," alimwambia.

"Nina nguo za watu zinanisubiri, Mwalimu wa Fizikia. Nisipovuta kwa hasira nitavuta hadi Pasaka."

Lakini alivuta sawasawa, mkono wa fundi, na kipande kilipoachia kilikuwa chembamba kama biskuti, hakina hata doa. Walikisugua kwa mafuta na unga laini hadi ukikishika dirishani unaona mlima wa pili bila kujua kuna kitu mbele ya jicho. Alikitia kwenye kopo la mafuta ya taa yaliyochujwa ili unyevu usikiguse, akafunga kifuniko kwa nta.

Mwaka ulikuwa unaelekea ukingoni walimu wa sayansi tulipoitwa Dar es Salaam, kwenye mafunzo ya chuo kikuu. Habari iliyotangulia ilisema profesa mgeni kutoka Ulaya ataonyesha leza iliyoletwa kwa meli. Mwalimu wa Fizikia aliposoma jina la mgeni alicheka peke yake. Alikuwa yule yule wa ubishi.

"Nitampelekea zawadi," akasema.

Tukateremka na basi, yeye amefumba macho, kopo limekaa mapajani, mikono yote miwili juu yake.

Profesa alikuwa mtu mnene mwenye nywele nyeupe, na alipomwona mwanafunzi wake wa zamani alimkumbatia mbele ya wote. Lakini uso wake haukuwa na furaha. Mashine ilikuwa imefika salama. Fuwele yake, ndefu, ya gharama, ilikuwa imefunguliwa bandarini kwa ukaguzi na kukaa wazi katika joto lile la Dar es Salaam. Unyevu uliila. Aliitoa mfukoni akatuonyesha: nyeupe, yenye ukungu, kama kipande cha sabuni.

"Nyingine itachukua miezi kufika," alisema kwa Kiingereza. "Kesho watakuja wakubwa wa elimu, walimu wa nchi nzima, na mimi nitawaonyesha mwanga usioonekana. Watatazama ukuta mtupu."

Mwalimu wa Fizikia akaweka kopo mezani. Akabandua nta. Profesa alichukua kipande kwa koleo, akakiinua dirishani, akakigeuza.

"Nani amekutengenezea?"

"Mimi, mke wangu, na mwenzangu huyu. Kwa mbolea."

"Ni nyembamba sana."

"Ndiyo, Profesa."

"Bado unabishana na mimi?" Yule mzee akaanza kutabasamu.

Kesho yake chumba kilijaa. Madirisha yalifunikwa kwa vitambaa vyeusi, na nje ilikuwa saa nne ya asubuhi yenye jua kali. Tuliambiwa tusitazame mashine, tutazame karatasi nyeupe iliyobandikwa ukutani. Mashine ilianza kujaza umeme, mlio wake ukipanda kama wa mbu. Halafu mlipuko mkavu, kama mtu amepiga makofi mara moja.

Karatasi ilibaki nyeusi gizani. Hakuna kitu.

Nilisikia watu wakisogeza viti. Mtu mmoja nyuma yetu alisema, bila ubaya wowote, "Basi ni mbolea tu." Mwalimu wa Fizikia aliinuka, akaenda mezani, akainama juu ya fuwele. Nilijua mgongo ule. Ulikuwa mgongo wa mtu anayetazama ufa.

"Imesimama vibaya," alisema kwa sauti niliyoisikia mimi na profesa tu. "Mwanga wako unatetema kwa kulala. Fuwele yangu nimeikata kwa mtetemo wa kusimama." Akaigeuza kwenye kishikio chake, robo mzunguko, kwa vidole viwili.

Mashine ikajaza tena. Ikalipuka. Safari hii palitokea doa la kijani kwenye karatasi, hafifu, kama kimulimuli ng'ambo ya bonde. Watu wakapiga makofi ya adabu. Profesa akashusha pumzi. Heshima yake ilikuwa imeokoka, angeweza kuishia hapo.

Mwalimu wa Fizikia hakuketi. "Naomba lenzi," akasema.

"Ukiukusanya zaidi, utaipasua," profesa alimjibu. "Unayo nyingine?"

"Sina."

"Basi iache. Imefanya kazi."

"Haijafanya kazi niliyoikuza ifanye."

Walitazamana. Ulikuwa ubishi wa zamani, umevuka bahari umewafuata. Nilifikiria mwisho wa mwaka, mfuko wa mbolea, mkewe akivuta uzi, na nikataka kumwambia akae. Profesa alikwenda kabatini, akaleta lenzi mwenyewe, akamkabidhi.

Aliiweka. Akairudisha nyuma kidogo. Akainamisha fuwele kwa kiasi ambacho mimi sikuona kama imesogea. Kisha akanigeukia na kusema kwa Kiswahili, "Mwalimu wa Kemia, kama uliacha uchafu, tutaujua sasa."

Mlio ulipanda. Mlipuko.

Chumba kizima kikawa kijani. Si karatasi tu. Niliona nyuso za watu, niliona mdomo wa profesa umeachama, niliona mikono ya Mwalimu wa Fizikia imeinuliwa kidogo kama anayezuia mlango, vyote kwa rangi ya majani machanga ya chai, halafu giza tena. Sikumbuki kuamua. Nilipiga vigelegele vya kwetu Tanga, vile vya harusi, ndani ya chuo kikuu mbele ya wakubwa, na walimu wa kike waliokuwamo wakavipokea, na chumba kikavurugika.

Profesa aliwasha taa. Alikimbilia fuwele kwanza: haikuwa na ufa. Kisha akasoma kipimo cha nguvu ya mwanga kilichokuwa mezani, akagonga kioo chake kwa ukucha, akasoma tena. Fuwele yake ndefu, ilipokuwa mpya kwenye maabara yake mwenyewe, haikuwahi kuinua sindano hadi pale.

"Nyembamba," akasema, akamshika rafiki yangu mabegani. "Nyembamba, na safi. Umenishinda, na sijawahi kushindwa kwa furaha hivi. Njoo. Nitakupa chumba, mashine, mshahara. Njoo umalizie kule."

Jibu lake lilikuja upesi kama mtu aliye kwenye foleni ya posta. "Kidato cha nne wana mtihani. Lakini nipe lenzi hii, na vioo unavyoweza kuvitoa, na mimi nitakutumia fuwele."

Watu wengi baadaye walimwambia alikosea. Wengine walisema hivyo mbele yangu. Mimi nilimwona kwenye basi la kurudi, na sijawahi kumwona mtu mwenye furaha kama ile: aliwaeleza abiria wasiomjua habari ya pembe na mipigo tangu Chalinze, na tulipoanza kona za kupanda Soni alisahau kufumba macho.

Shuleni habari ilifika kabla yetu. Mkuu wa shule alikuwa amesimama getini. Alimpa mkono, akashindwa kuuachia, akasema, "Mwalimu, nilikosa kuelewa. Mfuko ni wako." Kuanzia mwaka uliofuata mfuko mmoja wa mbolea ulitengwa kwa maabara bila kikao, na maji yake yaliendelea kwenda kwenye kabichi kila Ijumaa. Fuwele za Lushoto zilisafiri ndani ya makopo ya mafuta hadi maabara ambazo sisi hatukuzijua, na mkewe akajifunza kukata kwa pembe kadhaa bila kuambiwa. Wasichana wetu walioingia chuo kikuu kusoma fizikia walikuta lugha ile wameshaizoea. Siku zote alipopata habari za mmoja wao kufaulu, alisema, "Tuendelee," na akaenda nyuma ya maabara kwa muda kidogo, akarudi macho yamelowa.

Mara ya mwisho nilipomwona, sote tulikuwa tumestaafu. Mimi nilikuwa nimerudi Tanga. Alimtuma mtu aniambie nipande Malindi, na nivae nguo za kazi. Nilidhani ni utani wa uzee, nikavaa kanga zangu nzuri.

Nilimkuta chini ya kijiji, kando ya kijito, anaegemea fimbo, amezungukwa na majirani. Mwaka mzima walikuwa wamechimba mfereji kwa majembe yao, wakaelekeza maji kwenye gurudumu la mbao, na gurudumu likaungwa kwa mkanda na mashine ya kusagia. Wanawake wa pale walikuwa wakijitwika mahindi kichwani hadi njia kuu kutafuta mashine, asubuhi nzima kwenda na kurudi. Sasa walikuwa wamejipanga na vikapu vyao, wakisubiri, na wengi hawakuamini.

"Onga maundo," nikamwamkia kwa Kishambaa changu kibovu.

"Umechelewa," akasema. "Fungueni maji!"

Ubao ukainuliwa. Maji yakashuka kwa kishindo, gurudumu likatikisika, likazunguka. Lakini mkanda uliteleza, na mashine ikakaa kimya. Mama mmoja mzee akaweka kikapu chini na kusema alijua. Mwalimu wa Fizikia akaomba utomvu wa msindano, ule unaonata kama gundi. Mkewe, ambaye nywele zake zilikuwa nyeupe zote, alikuwa ameshaukusanya kwenye kipande cha gunia. Akaupaka mkandani gurudumu likiwa linazunguka, mkono wake thabiti kama zamani. Mkanda ukashika. Mashine ikanguruma, mlima ukaitikia, na yeye akaanza kupiga kelele za uwanjani kwa sauti iliyobaki.

"Mwalimu wa Kemia!" aliniita juu ya ngurumo. "Umekuja kutazama au kufanya kazi? Shika debe!"

Nikapiga magoti na kanga zangu kwenye matope, nikalishika debe chini ya mdomo wa mashine. Unga ukaanguka, mweupe, wa moto, ukanijaa mikononi na usoni. Yule mama mzee alichukua chembe kwenye kidole, akaionja, akawatazama wenzake.

"Ni laini," akasema.

Debe likajaa, na mwanamke wa pili akasogeza la kwake.